Makala ya Banda la Kuku

Kisauni
3 Februari 1948

Kwa dada Kache,

Mama ametamka leo asubuhi, mbele ya baba mkubwa Ruwa nami nikiwapo, kwamba urudi nyumbani kabla ya masika, na mumeo abaki na gazeti lake. Nimeona nitangulize hilo, kisha ndipo nikupe shikamoo na kukuuliza hali. Sisi wazima. Mama anakula kidogo, lakini shamba anapalilia.

Ile makala ya shemeji Phineas, alivyojificha katika banda la kuku siku aliyokuja kujitambulisha, imefika huku. Hakutaja jina, ila ameandika “kwa mkwe wangu, karibu na kisima cha misheni”, na hapo nyumba ni yetu. Juzi jirani yetu Nyevu akamwuliza mama kisimani, “Mama Kache, ni kweli wanaume wakikuona huingia kwa kuku?” Wanawake walicheka hadi maji yakamwagika.

Mama alimwita mwalimu Kefa amsomee yote. Kefa aliisoma kama tangazo la kodi. Hakucheka mtu. Alipomaliza mama akasema, “Amenifanya mchawi. Anaiogopa nyumba yangu, na mwanangu yuko kwake.”

Nimechoka kwenda na kurudi kati ya mama na baba mkubwa. Niambie la kujibu.

Nduguyo mdogo,
Mwarandu

Changamwe
9 Februari 1948

Kwa mdogo wangu Mwarandu,

Marahaba. Nawe u mzima? Mpe mama salamu zangu hata kama hazipokei. Hapa hatuumwi, tumechoka tu. Phineas yuko zamu ya usiku kwenye yadi ya reli, mimi mchana kutwa nafua nguo za watu. Tunakutana mlangoni, huyu anatoka, huyu anaingia.

Kwao bara mtu na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimwona, huacha njia. Siku ile mama alitoka ghafla na maji ya mgeni, Phineas akauvamia mlango uliokuwa karibu. Ulikuwa wa banda. Mimi aliniambia tumbo lilimkata. Ukweli nimeusikia kama walivyousikia wengine, siku alipousoma.

Kefa hana kosa, lakini maneno yale si ya kusomwa na Kefa. Jumamosi Phineas huyasoma mwenyewe hapa landhini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mbele ya wenzake na wake zao. Husoma polepole, uso umekunjamana kama mtu anayeumwa jino, na yeye hacheki kabisa. Watu hulia kwa kicheko. Ndiyo saa pekee ya juma ambayo mgongo wangu siusikii. Na ukimsikia unajua mjinga wa kisa ni nani. Ni yeye.

Mama amsikie mwenyewe. Akishamsikia, akisema nirudi, nitarudi. Sitabishana tena.

Dada yako,
Kache

Kisauni
17 Februari 1948

Kwa dada Kache,

Shikamoo. Mama amekubali, na amezipokea salamu zako. Afya yake si mbaya. Mimi nina mafua.

Masharti ni haya. Shemeji asome huku, darasani kwa Kefa, Jumamosi tarehe 28, na wanawake wa kisimani wawepo. Mama atakaa nyuma ya kanga iliyotundikwa, kwa kuwa sasa ameijua desturi ya akina shemeji na hataki mtu aruke dirisha. Wewe usije. Amesema utacheka mapema umharibie hukumu. Baba mkubwa Ruwa atakuwapo. Neno atakalolitoa mama siku ile ndilo la mwisho.

Mwambie shemeji asibadilishe kitu. Mama anaikumbuka makala nzima kwa moyo.

Nduguyo,
Mwarandu

Changamwe
1 Machi 1948

Kwa mdogo wangu Mwarandu,

Salamu, na pole kwa mafua. Mama yu hali gani? Nauliza hali kwa maana zote.

Phineas alirudi Jumamosi jioni, akanywa maji, akasema, “Mama amesema basi.” Akalala na viatu miguuni, kisha akaenda kazini. Jana hivyo hivyo. Kila nikimwuliza “basi” ya namna gani, anasema yeye alikuwa upande huu wa kanga.

Nimelipanga sanduku langu la nguo, nikalipangua. Niandikie upesi.

Dada yako,
Kache

Kisauni
4 Machi 1948

Kwa dada Kache,

Shikamoo. Mama mzima, mafua yangu yameisha. Nakueleza niliyoyaona na kuyasikia.

Shemeji alifika kwa miguu kutoka darajani, macho mekundu ya zamu. Darasa lilijaa. Alisoma akiwa amesimama, bila kuinua uso. “Mwanamume akienda ukweni hutazama njia tatu: ya kuingilia, ya kutokea na ya kutorokea. Mimi nilikuwa na moja, nayo ilikuwa na wenyewe.” Wanawake wakaanza kucheka. Alipofika “jogoo akanitazama kama mkaguzi wa tiketi, hakusema kitu, nikajua sina tiketi”, Nyevu alishuka kwenye benchi akakaa chini.

Mama akaita nyuma ya kanga, “Mwarandu! Muulize huyo msomaji, kuku wangu walimkosea nini?”

Shemeji akanijibu mimi, “Shemeji, mwambie mama hawakunikosea. Mimi ndiye niliyekalia mayai.”

“Mwambie yalikuwa ya kuangua!”

“Mwambie nilijitahidi, ila niliitwa mapema kula.”

Hapo Kefa, ambaye aliisoma makala ile ile mbele yetu akiwa mkavu, alitoka nje akajishikilia ukutani.

Kisha mama akasema, na sauti haikuwa ya mzaha, “Muulize kwa nini alinikimbia.” Shemeji akaliweka gazeti mezani. “Mwambie kwetu humkimbii mtu usiyemheshimu.”

Mama akasema, “Basi huyu kaniheshimu mpaka kwa kuku.” Sikumwona akicheka. Niliona kanga inatikisika, na dirisha lilikuwa wazi, upepo ulikuwapo. Akaagiza pale pa jogoo parudiwe. Shemeji akaparudia. Mama akasema, “Basi.”

Nyumbani baba mkubwa alimtaka mama aifafanue hiyo “basi”. Amejibu hivi: Kache abaki kwa mumewe. Ila makala nyingine yoyote inayomtaja ataisikia yeye kwanza, kwa mdomo wa mwandishi, kabla ya gazeti. Ya kwanza anaitaka tarehe 13. Nawe uje.

Nduguyo,
Mwarandu

Changamwe
8 Machi 1948

Kwa mdogo wangu Mwarandu,

Salamu kwako, na kwa mama shikamoo nyingi. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye beseni, nikakaa, nikaisoma tena.

Phineas nimempa habari. Hakufurahi kama nilivyodhani. Amesema hana makala nyingine, amechoka, alikuwa amekusudia kuacha kuandika hadi atoke zamu ya usiku. Nikamwambia basi nitampelekea mama habari hiyo mimi mwenyewe. Akatazama ukuta. Akauliza kama mama bado anamwita mbuzi wake kwa jina la mzee wa kanisa. Nikasema ndiyo. Akaomba penseli.

Hadi sasa ana mistari miwili, na yote miwili mama ataipinga. Usimwambie.

Tutafika darasani kwa Kefa Jumamosi tarehe 13 Machi, saa tisa alasiri.

Dada yako,
Kache