Viti Vitatu vya Ndege ya Mbeya

Misheni, Mbozi
Jumapili ya Mitende, 11 Aprili 1954

Kwa Baba yangu mpendwa,

Leo mvua imepumzika, nami nimekaa penye dirisha la bweni nikiwa na wino wa kutosha. Nimejiahidi kwamba nitakueleza mambo yote yaliyotokea hapa tangu shule ifungwe, hata yale ambayo mtoto huona haya kumwandikia baba yake. Ukiona mahali mwandiko umetetemeka, ujue ndipo nilipoona haya.

Kabla ya yote nakuamkia, shikamoo. U hali gani huko Kitwe? Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimepungua? Sisi tuko salama kwa rehema za Mungu. Mdogo wangu Mika tumemwacha Tunduma kwa jirani yetu Mama Nesta, na habari zake ni kwamba anakula kuliko watoto wa mwenye nyumba. Babu anakushukuru kwa sweta. Anasema linampa joto, ila mikono yake ni mirefu mno, huenda walimpima nyani.

Sasa habari yenyewe. Baba, Jumatano baada ya Pasaka tutapanda ndege. Babu, Mama na mimi. Daktari wa misheni ametupatia viti vitatu katika ndege ndogo inayotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Babu atatolewa mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na Mama atakatwa lile rovu la shingoni. Mimi naenda kwa sababu wao wanajua Kindali tu, na huko hakuna mtu atakayewasikiliza kwa Kindali. Daktari amesema Mama hawezi kwenda kwa lori. Masika imeharibu barabara, na pumzi yake haitastahimili kurushwarushwa siku nyingi. Kwa hiyo ni ndege, au ni kungoja hadi kiangazi, na daktari hapendi Mama angoje.

Anayetuandaa ni Nesi Ruti. Yeye ni mtu wa Tabora, aliwahi kusafiri kwa ndege na mgonjwa, na husimulia bila kujivuna. Ametuambia kwamba siku ya kuamkia safari tusile maharage wala viazi, kwa maana tumbo hujaa upepo ndege inapopanda. Masikio yakiziba tumeze mate, au tutafune kitu, na kwa ajili hiyo amenipa peremende nizitunze. Nimezitunza zote isipokuwa moja. Nguo ziwe za kulegea, viatu visibane, na mzigo uwe mdogo wa kuwekwa mapajani. Ndege ikitikisika tusidhani inaanguka, ni kama lori linapopita penye mawe, ila mawe hayaonekani.

Mzigo wa Babu ulitupa kazi. Alitaka kuchukua kigoda chake, na jogoo wa kumpa rubani kama shukrani. Nesi alimwambia kwa heshima, nami nikitafsiri, kwamba jogoo haruhusiwi ndani ya ndege. Babu akashangaa, akasema katika wasafiri wote jogoo ndiye pekee mwenye mbawa, na ndiye anayekatazwa. Nesi alicheka hadi akaegemea ukuta. Jogoo amepewa mpishi wa hospitali.

Mimi nami nikataka kufanya zaidi ya nilivyoambiwa. Mwalimu wetu hutufundisha kwamba jambo geni likifanyiwa mazoezi huacha kuwa geni. Nikamwomba Nesi anichoree ndege chini kwa kijiti, kisha nikapanga mabenchi darasani moja nyuma ya jingine kama alivyochora. Nikatafuta kamba iwe mkanda. Nikamleta Babu kutoka nyumbani kwa Mzee Osea, mzee wa kanisa, anakolala, nikamkalisha benchi la mbele na kumfunga mkanda. Akafurahi, akauliza kama tumeshaondoka. Kisha nikakimbia wodini kumwita Mama, nikamwambia aje tu ajifunze kukaa.

Baba, najua unaposoma hapa umekwisha kushika kichwa. Tangu nilipoweza kubeba sahani bila kumwaga, mimi ndiye niliyepeleka chakula kutoka jikoni kwa Mama hadi nyumbani kwa Babu, kwa sababu mkwe hawezi kumkaribia baba mkwe wake. Njia wanayopita wanawake pale nyumbani huzunguka nyuma ya migomba kwa ajili hiyo hiyo. Mama hata jina la Babu hajawahi kulitamka. Mwaka jana karani alipomwuliza jina la mkuu wa nyumba, alimjibu ni yule wa nyumba ya juu, na karani akadhani anamficha mtu. Yote hayo nayajua. Lakini nilifikiri mkanda na peremende na viazi, nikasahau kwamba ndege ni chumba kimoja.

Mama alifika mlangoni, akaona mgongo wa Babu. Akavuta nguo yake hadi usoni, akapiga magoti pale pale kizingitini. Babu akasikia, akaniuliza ni nani. Akasikiliza kidogo, kisha akalitupa blanketi lake juu ya kichwa. Wakawa wamejifunika wote wawili, mmoja mlangoni, mwingine benchini, nami katikati nimeshika kamba. Nesi Ruti alipotokea aliniuliza kwa hofu kama homa imewapata wote kwa pamoja.

Jioni ile Mama alinituma kwa Nesi kusema kwamba hatasafiri. Alisema Babu ni mkubwa, macho yake yatangulie, shingo yake yeye imekwisha kuzoea kungoja. Hakukasirika. Alinisuka nywele akiwa anasema hayo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama kawaida. Lakini siku hizo nilikuwa nalala karibu naye wodini, na pumzi yake akilala hupiga mluzi kama birika. Nesi alikuwa ameniambia, kwa kuwa mimi ni mkubwa sasa, kwamba rovu limeanza kulibana koo kwa ndani, na kwamba baridi ya mwezi wa sita ikimkuta hivyo, daktari hatoi ahadi.

Babu naye alinituma. Alisema yeye ndiye atakayebaki, macho yake yameona vya kutosha na mengine hakuyapenda. Basi nikawa napita kati ya wodi na nyumba ya Mzee Osea, huku nikiambiwa nenda kamwambie aende yeye, na kule nikiambiwa nenda kamwambie aende yeye. Nilichoka, Baba, na kiti kimoja kilikuwa kinataka kupotea kwa ajili ya heshima ya watu wawili.

Mzee Osea alikuja kuzungumza na Mama. Alimweleza kwamba sisi ni Wakristo, na kwamba mambo ya kukwepana ni ya zamani. Mama alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameinama. Alipoondoka akaniambia kwamba Mzee Osea mwenyewe akimwona mama mkwe wake sokoni Vwawa huingia kwenye mashamba ya watu.

Nesi Ruti hakuwacheka. Alisema kwao nako kuna mambo ambayo mtu hafanyi. Akamwomba daktari amwulize rubani kama tunaweza kutundika shuka kati ya viti. Jibu lilirudi kwamba shuka si neno, mradi lisizibe mlango, lakini atakayepanga viti ni rubani mwenyewe, kwa uzito: wazito mbele, wepesi nyuma. Kwa hiyo tukapelekwa kwenye mzani wa kahawa wa chama cha ushirika, Babu asubuhi, Mama mchana wakati Babu ameshaondoka. Mpimaji, kijana anayeitwa Ezron, alimpima Babu akasema kahawa hii imekauka vizuri, itapata daraja la kwanza. Babu akamjibu, wewe bado u mbichi, ungerudishwa shambani. Hivyo Babu akaandikiwa kiti cha nyuma kabisa, Mama cha mbele, mimi katikati.

Nilidhani tumepona. Mama akaniuliza, sasa nitampaje mgongo mzee yule, tena angani, safari nzima?

Hapo ndipo nilipomwandikia Shangazi Enesi. Yeye ni dada yako mkubwa, na nilijua neno lake Babu hulisikiliza na Mama pia. Akaja kwa miguu kutoka milima ya Ileje, tope hadi magotini, kichwani amebeba kikapu cha ndizi. Hakusema lolote hadi alipokula. Kisha akaniambia nieleze kila kitu, na nilipofika kwenye mabenchi akacheka sana, akasema shule imenifundisha kupanga watu kama magunia.

Akaenda kwa Babu, akakaa naye muda mrefu. Akarudi kwa Mama na maneno haya: mimi, Elina, nitakaa kati yao, na mimi ni damu yao wote wawili, kwa hiyo ukuta upo hata kabla ya shuka. Na kuhusu mgongo, Babu anasema yeye haoni, mgongo ataujulia wapi? Tena amesema mkwewe akiupeleka mgongo huo Dar es Salaam ukarudi mzima, yeye atakuwa ameheshimiwa kuliko akipigiwa magoti.

Mama akaniomba maji, akanywa, akasema atakwenda. Akatoa masharti yake: kwa kuwa mlango wa ndege uko nyuma, yeye ataingia kwanza Babu akiwa bado mbali, na tukifika Babu ashuke kwanza. Shangazi akakubali yote. Nesi Ruti, kwa kuwa ni mgeni, akauliza, je, wakati wa kurudi, Babu akiwa na macho? Shangazi akasema mwacheni kwanza ayapate, akisha kuyapata ni mtu mzima, atajua mwenyewe kuyafumba.

Juzi tukafanya mazoezi tena darasani, safari hii kwa utaratibu wa Shangazi. Mama akaingia kwanza, nikatundika shuka, Babu akaletwa mwisho. Tukakaa kimya tukimeza mate kama tulivyofundishwa. Babu akauliza kama tumefika Morogoro. Nikamwambia bado. Baada ya kitambo akauliza tena, akaongeza kwamba rubani huyu anaendesha polepole, labda ng'ombe wako njiani. Upande wa mbele nikaona mabega ya Mama yanatikisika. Alikuwa anacheka, Baba, ameziba mdomo kwa nguo. Kabla ya hapo sikuwahi kuwaona wamekaa chini ya paa moja, wala sikujua kwamba Mama hufurahishwa na Babu.

Sasa nafika kwenye lile ninaloona haya zaidi kuliandika. Jana alasiri nilikuwa namkata Babu kucha kwa ajili ya safari. Tulikuwa peke yetu. Akaniambia kuna neno anataka likufikie wewe, na kwa kuwa hawezi kuandika, na hawezi kumpa mwanamume mwingine alibebe, atanipa mimi.

Mama anaamini kwamba Nesi ndiye aliyemwambia daktari habari za shingo yake. Si Nesi. Ni Babu. Alisema tangu kiangazi kilichopita alikuwa anaisikia pumzi ya Mama usiku kutoka nyumba ya chini, kwa maana asiyeona husikia, na aliona aibu kubwa, kwa sababu baba mkwe hapaswi kuusemea mwili wa mkwewe, hata kwa mwanawe. Ndiyo maana hakukuletea habari. Daktari alipopita Tunduma kutazama macho ya wazee, na kumwambia kwa mara nyingine kwamba yake yanaweza kufunguliwa, Babu ambaye miaka yote alikataa kisu alikubali hapo hapo. Lakini alikubali kwa sharti moja, kwamba mwanamke wa nyumba ya chini naye atazamwe koo, na aende katika safari ile ile. Kiti cha Mama kiliombwa na yeye. Alijua tangu mwanzo kwamba watapanda pamoja. Alifikiri ataingizwa mwisho, akae nyuma kimya asikohoe, na Mama asijue kabisa kwamba yumo. Mazoezi yangu ndiyo yaliyomfichua.

Nikamwuliza, basi kwa nini alisema atabaki yeye? Akanijibu kwamba alikubali kutibiwa macho ili safari ya Mama iwepo, na kama safari ingekwenda bila yeye, ni sawa pia. Kisha akanipa mkono wa pili nimalizie kucha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, Baba. Tumejiandaa, mizigo imefungwa, na moyo wangu umetulia kuliko nilivyotazamia. Usituhofie. Mama anakusalimu sana, anasema usisahau kuvaa buti kavu. Babu anakusalimu, na Shangazi Enesi anasema ukipata likizo upite Ileje kwanza, si mwisho. Nesi Ruti, ingawa hukujui, naye anakusalimu. Nakutakia Pasaka njema.

Barua hii itaondoka kesho na lori la Tunduma, na jibu lako likipanda lori la kurudi litatukuta kabla hatujaondoka. Babu aliniagiza nikuambie wewe tu. Lakini siku ile Mama atakaa mbele amejifunika, akidhani amemkosea heshima mtu aliye nyuma yake, nami katikati nikijua. Wewe ni mwana wa mmoja na mume wa mwingine, na hakuna mwingine ninayeweza kumwuliza: je, Baba, unaniruhusu nimwambie Mama ni nani aliyemwombea kiti?

Mimi binti yako akupendaye,
Elina