Tumbo na Usukani

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Uipokee mara mbili, moja yangu na ya pili ya huyu aliyemo ndani. Hajui kusema, lakini nilipoandika jina lako amenipiga teke, nikaelewa naye anakuamkia. Mgongo wako vipi? Lile goti la kushoto limekubali kusujudu, au bado unaswali kitini? Huku sisi wazima. Mkweo Saidi mzima, garaji lake lina kazi, na mimi mzima, ila nimekuwa mpana. Ukiniona kwa mbali utafikiri ni watu wawili wanakuja bega kwa bega.

Mwajuma mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke pale ninapojisifu. Najua tabia yako.

Mama, barua yako niliipata kwa yule mama wa dagaa. Niliisoma mara tatu, halafu nikamsomea Saidi. Umesema mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa mama yake, wewe ulinizaa chumbani kwa bibi, na mimi nije Ujiji nizae chumbani kwako. Tena ukasema nikizalia ugenini nisikutegemee. Jibu ninalo. Lakini nipe kwanza nafasi nikueleze yaliyonipata, maana bila hayo utasema mwanao ana kiburi, na kiburi ninacho lakini safari hii si hicho.

Unajua mimi ni nani katika mji huu. Niliishia darasa la tano, lakini nifunge kitambaa machoni, nizungushe mpaka nipate kizunguzungu, nikinusa tu nitakwambia hapa ni Nyakabiga, hapa ni Mutakura, hapa tunakaribia Gasenyi na saa kumi imeshapita, askari wanafunga njia, tugeuze. Uvira nimekunywa chai, Kigali nimekula nyama, Kampala nimepita nikiwa nimelala, lakini nimepita. Pale kwenye parkingi ya teksi karibu na soko kuu, wanaume wamepanga magari foleni, na bado wenye tai na mikoba wanauliza, "Zaina yuko wapi?" Mwanamke mmoja, teksi moja. Hiyo kazi, Mama, naipenda kuliko ninavyopenda wali, na wali unajua.

Basi tumbo lilipoanza nililificha. Nilivaa koti la Saidi la garaji, zito, limejaa grisi. Joto la huku unalijua, nilikuwa naiva mle ndani kama kiazi. Kabura ndiye aliyenigundua. Kabura ni shofere mwenzangu, mrefu, mdomo wazi, ndiye aliyenicheka kuliko wote siku ile nilipoleta gari parkingi mara ya kwanza.

"Dada Zaina," akasema mbele ya watu, "we uko na malaria ama uko na siri?"

"Mi niko na baridi tu."

"Baridi gani? Mbuzi nazo zinatafuta kivuli."

Wakacheka wote. Nikalivua koti, nikasimama kando hivi ili walione vizuri, nikawaambia, haya, hesabuni nyote, abiria wangu huyu hashuki mpaka mwisho wa njia. Toka siku hiyo wakawa wananioshea vioo kila asubuhi. Wanaume hawa, ukiwaficha jambo watakutesa, ukiwaonyesha watakubebea.

Mwezi wa saba wa mimba usukani ukaanza kunigusa. Nikikata kona, tumbo nalo linakata kona. Nikarudisha kiti nyuma, nikapumua, lakini ufupi huu ulionipa wewe, Mama, ukanisaliti, miguu ikawa haifiki kwenye pedeli. Breki naigusa kwa ncha ya kidole gumba. Mtu mwenye akili angesema basi, imetosha. Mimi nikamwendea mume wangu fundi, na fundi ukimpa shida hakuulizi kama ni shida ya kutatuliwa, anakuuliza vipimo tu. Saidi akakata vipande vitatu vya mbao, unene wa matofali, akavifunga juu ya pedeli kwa vipande vya mpira wa tairi. Klachi yake, breki yake, mafuta yake. Akarudi nyuma akatazama kazi yake kama aliyejenga msikiti.

"Hapo unaendesha mpaka uchungu ukushike," akasema.

Nikaendesha. Tena kwa madaha. Siku moja kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari akanisimamisha, akaniambia, "Toka inje." Nikajaribu, tumbo likakwama kwenye usukani. Nikajaribu kwa ubavu, likakwama vilevile. Akanisogelea na bunduki yake begani, akachungulia.

"We mama, we ndo unaendesha hii gari ama gari iko inakuendesha?"

"Tunapokezana, afande."

Akatazama tumbo, akatazama mbao za pedeli, akaita wenzake waje kuona. Karatasi hawakuzitazama hata moja. Wakafungua njia, mmoja akaniambia mama yake angemchapa makofi kama angejua amemsumbua mama mjamzito. Nikaondoka naimba. Nikafikiri nitaendesha hivyo mpaka mlangoni kwa mkunga, nifunge breki, nizae, niwashe.

Halafu ikaja siku ya Mutakura, na hii sijamwambia mtu kwa urefu ila wewe.

Nilikuwa nimempakia Mama Espérance, yule mama wa Nyakabiga anayefanya kazi ofisi ya serikali. Kila asubuhi kwa miaka mitatu namchukua mimi, anakaa mbele kwa sababu nyuma anasikia kichefuchefu. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Tumefika sokoni Mutakura, naenda taratibu, watu wamejaa njiani, mbele yangu kuna mwanamke na lundo la kabichi. Nikakanyaga breki. Kile kipande cha mbao kikateleza, kikaangukia chini ya pedeli, kikakaa hapo. Nakanyaga, haishuki. Nakanyaga tena, haishuki.

Mama, breki ya mkono iko hapo pembeni. Ningeweza kuivuta nikiwa nasinzia. Usukani uko mbele yangu, ningeweza kukata kushoto palipokuwa wazi. Mimi, Zaina, shofere wa parkingi nzima, unajua nilifanya nini? Mikono yangu yote miwili iliuachia usukani ikakumbatia tumbo. Yote miwili. Sikuituma. Gari likawa linakwenda lenyewe kwenye kabichi za watu.

Aliyevuta breki ya mkono ni Mama Espérance. Mama wa karatasi na mihuri, hajashika gari maisha yake yote. Aliivuta kwa mikono miwili kama anayevuta maji kisimani. Gari likaruka kidogo, likazimika, pua yake imegusa kabichi ya kwanza.

Tukakaa. Mwenye kabichi akaja dirishani tayari kunitukana, akaliona tumbo, matusi yakamwishia mdomoni. Akasema tu, "Yoo, mama, kwani mumeo hana adabu, anakuacha na hii kazi?"

Nikamuuliza Mama Espérance alijuaje breki ile.

"Miaka mitatu niko nakaa hapa," akasema, bado anahema. "Kila siku nakuona unaivuta. Lakini leo, Zaina, mikono yako nimeiona penye ilienda. Imeshaacha kazi hiyo mikono. Ni we tu ndo hujaacha."

Nikashuka kwa taabu, nikatoa kipande cha mbao, nikalirudisha gari polepole mpaka parkingi, nikampa Kabura funguo siku hiyohiyo. Gari lake limekufa injini, wiki ya tatu lipo kwa Saidi. Nikamwambia aliendeshe langu mpaka arubaini ipite, na akilikwaruza nitamzaa yeye upya. Alishika zile funguo kwa mikono miwili, akainama, yeye na urefu wake wote. Hakutania. Hilo ndilo lililoniliza.

Mashofere wenzangu wakanisindikiza nyumbani, magari matano nyuma yetu yanapiga honi, watu wa Buyenzi wakatoka wakadhani ni harusi. Nimekaa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe, mara ya kwanza. Kabura nikamwelekeza njia nzima, gia hii, punguza, hapo kuna shimo, shimo gani hulioni. Tulipofika Saba, yaani barabara yetu ya saba, akasimamisha gari akageuka: "Dada, mi nakuomba kitu kimoja. Zaa haraka."

Sasa niko nyumbani siku ya kumi na mbili. Nimepanga kabati, nikalipangua, nikalipanga. Nimeosha nepi ambazo hazijavaliwa na mtu. Saidi ametengeneza kitanda cha mtoto kwa springi za kiti cha gari, ukikigusa kinacheza chenyewe mpaka uende sokoni urudi. Mama mkwe amekuja, akakitazama, akasema mtoto atatapika. Saidi anapunguza springi. Asubuhi nikisikia honi barabarani mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu. Lakini nina furaha, Mama, sikudanganyi. Furaha ya kijinga, ya kucheka peke yangu jikoni. Nikiweka sahani tumboni nile, anaipiga teke. Huyu atakuwa mtu wa fujo, ametoka kwa baba yake.

Sasa jibu.

Siji, Mama. Mkunga amenipima, miguu imevimba na presha imepanda kidogo, amekataa meli na amekataa barabara. Na hata angekubali, njia ya kusini siku hizi watu wanaviziwa kwa bunduki, unapita ukiwa tayari kushuka ukimbie porini, na mimi kuinuka kitini tu namwita Saidi. Sikuachi mila yako kwa kuidharau. Nimeifikiria siku zote hizi kumi na mbili, sina kingine cha kufanya. Nikajiuliza, kile chumba cha bibi kilikuwa na nini? Dirisha dogo, ukuta wa udongo, mlango unaogoma kufunga. Wewe hukuzaa salama kwa sababu ya ukuta. Ulizaa salama kwa sababu bibi alikuwa amekushika mgongo.

Kwa hiyo nakuomba uje na chumba chako. Meli inafika, watu wanashuka bandarini kila mara na vikapu vyao, wanalalamikia joto tu. Chukua shuka lako la kitandani, lile la maua, usilifue sana, liwe na harufu yako. Uje ulitandike hapa, uwafukuze watu wote unaotaka kuwafukuza, hata mwenye nyumba, na palipo shuka lako na sauti yako patakuwa ni kwako. Mtoto hatajua mpaka wa nchi. Akija hapo, amezaliwa kwa bibi yake.

Watu wote wa mji huu wanajua mimi siogopi. Kabura anajua, askari wa bariyeri wanajua. Wewe peke yako ndiwe ninayekuambia, naogopa, Mama. Naogopa sana. Mikono yangu imeshika tumbo na hakuna aliyeshika mgongo.

Nisalimie Mjomba Ramadhani, kaka yako, mwambie tairi alizoagiza Saidi anazo. Nisalimie Shangazi Tatu, asiniletee dawa za kunywa, alete za kupaka. Jirani yetu Bi Asha mpe pole ya mguu. Mwajuma, wewe nakubusu, na ukimaliza kusoma hapa usimwachie Mama nafasi ya kununa, anza kumfungia mzigo.

Saidi ameshahamia sebuleni. Mto wako upo kitandani kwangu, upande wa ukutani, nimeuweka mwenyewe, na huo upande silali hata mchana.

Mwanao,
Zaina wa Saidi