Dakika Tisa za Chengo

Afiya, nimetoka mkutanoni sasa hivi.

Wamepitisha kiwango cha chini cha malipo ya wanaopeleka vifurushi kwa pikipiki. Kila kifurushi kitalipwa kama kazi ya dakika tisa, kama nilivyopima mimi.

Unamkumbuka Chengo, niliyepanda pikipiki yake siku nzima, Shella mpaka Jilore, saa mkononi? Amesimama mbele ya watu wote: "Dada, siku nyingine ni dakika kumi na tano. Siku ile ulikuwa mgeni wangu, na mgeni hachoshwi juani. Nilikwenda mbio, sikula, sikunywa hata maji."

Mgeni, Afiya! Mimi nilikuwa nampima!

Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ningekwambiaje? Ingekuwa kama nakufukuza."

Mwenyekiti akanigeukia: "Mtafiti, hesabu yako ni sahihi?"

Nikasema ni sahihi. Na hesabu ni sahihi, shoga. Hilo ndilo nililojibu. Ni sahihi.

Wakapiga kura.

Sasa niko mlangoni nakuandikia. Chengo yuko nje, amenishikia helmeti. "Panda, dada, nikufikishe. Jua kali."