Aya Aliyoikata Mzee Mwishehe

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
9 Juni, 2024.

Mpendwa dada Sekela,

Shikamoo, na uipokee kwa mikono miwili, maana unaamkiwa na mwandishi mkubwa kuliko wote kuanzia Pugu hadi Kunduchi, tena aliyeishia kidato cha pili.

Kifua chako vipi na baridi ya Tukuyu? Au bado unakohoa mpaka kuku wanahama banda? Sie miili ni mizima, ila nyumba imepoa. Dada Vaileth ameondoka, leo siku ya tisa, na simu kaizima. Mumewe Rogers hajui aliko. Mie nahisi dada yangu yuko kwako, ndiyo maana natuma karatasi. Karatasi haizimwi.

Hadithi zangu nazirusha kwenye grupu la mtaa, kila Ijumaa kipande. Watu mia tatu wananisubiri kama wali wa msibani. Kwanza lakini nampelekea Mzee Mwishehe wa fotokopi, zamani alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Anakichinja kwa kalamu nyekundu. Nikiandika mtu "alilia kwa uchungu usio kifani", anafuta, ananiuliza, "Mikono yake ilikuwa inafanya nini, bwana mdogo?"

Basi nikaanza kuangalia mikono ya watu.

Ndivyo nilivyomwona Vaileth. Tangu mwanawe azikwe mwezi wa pili, kila Jumamosi alijifungia akafua zile nguo ndogo za marehemu, ingawa zilikuwa safi, akazianika kwenye kamba humohumo chumbani. Nilichungulia penye pazia. Hata Rogers alikuwa hajui, maana alizianua kabla hajarudi kutoka kazini.

Nikaiandika kwenye aya moja. Nikambatiza jina jingine, nikamhamishia Kinondoni, nikampa biashara ya vitenge. Nikajiona fundi. Lakini mtaani kwetu aliyefiwa na kichanga mwaka huu ni mmoja tu. Jumapili mama mkwe wake akaja na wanawake wawili, wakazitoa zile nguo, wakazichoma uani. Eti zinaita kifo kingine. Vaileth alisimama mlangoni. Hakuwatazama wao, alinitazama mie.

Hapa mtaani nimesema kosa ni la Mzee Mwishehe, kwamba macho yamemzeekea, ile aya hakuiona.

Msalimie mama mkubwa Anjelina, na Lusungu mwambie viatu vyake bado navivaa, asisumbuke kuviulizia. Mungu awape usingizi mwema, na yeye aliye chumba chenu cha uani, kama yupo, ampe zaidi.

Sasa msomee Vaileth hili. Mzee aliiona ile aya. Aliipiga mstari yote, pembeni akaandika: Huyu ni mtu, mwache. Nikamwitikia, nikaiondoa. Nikaisoma hadithi bila hiyo, ikawa maji matupu. Ijumaa nikairudisha, kwa sababu ndiyo aya nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilijua watamjua, dada. Nikairudisha.

Mdogo wako akupendaye,
Edgar