Shule Uliyosema Haina Mwisho

Kilosa, masika yakimalizika

Mama,

Shikamoo. Nimemaliza. Ile shule uliyosema haina mwisho imekwisha, na wewe hupo wa kuambiwa.

Nimekaa na kalamu tangu mchana nikijiuliza kama kuna maana yoyote kumwandikia mtu aliyelala. Lakini nilizoea. Tangu ulipohitimu kisomo cha watu wazima hukutaka mtu akusomee barua zangu. Ulizisoma mwenyewe, kidole kikifuata kila herufi, na ukikutana nami ulinikemea kwa mwandiko mbaya. Kwa hiyo leo naandika taratibu, herufi kubwakubwa, kama ulivyopenda.

Nakumbuka siku nilipokuambia kwamba nimepata nafasi. Tulikuwa uani kwako Mikumi, wewe unapepeta mchele, mimi namnyonyesha Mwajuma. Ungo ukasimama hewani.

"Si ulishamaliza? Selemani alituambia mke wake ni mhandisi, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Kumbe tulicheza bure?"

Nikakueleza kwamba hamkucheza bure, ile ilikuwa shahada ya kwanza, na sasa ni ya pili. Nitakaa darasani mwaka mzima na kufaulu kila somo. Nikifaulu, nitafanya utafiti. Nikimaliza utafiti nitaandika kitabu ambacho pengine watu wanne tu watakisoma, halafu nikae mbele ya walimu nikitetee. Ulinisikiliza vizuri, kama unavyomsikiliza mganga anayetaja dawa chungu. Kisha ukauliza, "Na hicho kitabu ukishakiandika, hawatakuambia kipo kingine?"

Nikamwinamia Mwajuma, maana shahada ya tatu ipo.

"Ahaa," ukasema, ukarudi kwenye mchele wako. "Hii shule haina mwisho."

Mama, wakwe wengine wangeishia hapo. Na masharti yenyewe yalikuwa yananifunga mikono. Msajili wa chuo kikuu alitaka kila mwanafunzi wa shahada ya pili afike Dar es Salaam mwenyewe, na vyeti vyake halisi, na barua ya mwajiri ya kumruhusu, na karatasi ya daktari. Mwaka wa kwanza wote awe wa masomo tu, bila kazi nyingine. Bweni la wanawake halikupokea watoto. Idara ya maji hapa Kilosa, ambako ndiko nilikoajiriwa, walikubali kuniachia mwaka ule na si mwingine, na nikimaliza nirudi kuwatumikia. Nisipojisajili kwa wakati, nafasi anapewa mwingine. Na Mwajuma alikuwa hajaota hata jino.

Selemani wako alikuwa amehamishiwa Lumuma kufundisha, kule milimani ambako barua ilifika ikishajisahau. Aliposhuka likizo alisema kwa upole, "Subiri, mke wangu. Mtoto akue." Nami nilianza kulisema neno hilohilo, subiri, subiri, mpaka likawa tamu. Wewe ndiye uliyelikata. Ulikuwa unafunga kanga yako, unatoka, ukatuambia bila hata kutugeukia: "Mtoto atakunywa maziwa ya mama yake, na mama yake atasoma. Nitakwenda naye."

Tulidhani unatania. Kumbe ulikuwa unakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, maana ilikuwa msimu wa kupanda na kila mtu alikuwa na zamu yake katika shamba la kijiji. Mwenyekiti mwenyewe alinisimulia baadaye, huku akicheka mpaka machozi. Alikuuliza, "Mama Selemani, unakwenda Dar es Salaam kufanya nini?" Ukamjibu, "Nakwenda kusoma." Akakupa ruhusa.

Ile siku ya usajili sitaisahau. Tulitoka alfajiri kwa binamu yako Bi Zuhura, pale Ubungo, katika chumba alichotupa nyuma ya nyumba yake. Foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Karibu wote walikuwa wanaume, na mafaili yao kwapani, na wewe katikati yao, Mwajuma mgongoni, umebeba kikapu chenye uji ndani ya chupa ya chai. Kila waliposogea, ulisogea. Mmoja wa wale vijana akakuamkia, akakuuliza kama umepotea. Ukamwambia marahaba, hukupotea, uko katika foleni yako.

Tulipofika dirishani karani akapokea karatasi zangu moja moja. Cheti cha shahada, sawa. Barua ya mwajiri, sawa. Karatasi ya daktari aliipindua, akaitazama nyuma ambako hapakuwa na kitu. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Mdhamini wako nani?" Alikuwa anataka jina la ofisi inayonilipia. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti yako nyuma ya bega langu.

"Ni mimi."

Foleni nzima ikacheka. Karani akainua uso, akakuona, akamwona na mtoto. Wewe hukucheka. Ulisimama vilevile, umenyooka, kama mtu aliyeitwa jina lake barazani na akaitika. Karani akasema, "Shikamoo, mama," akagonga mhuri. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu kicheko kinanigeukia.

Tulivyoishi mwaka ule! Mchana vipindi vikisimama nilishuka mbio mpaka Ubungo, nikimkuta Mwajuma amelia mpaka amechoka na wewe unamwimbia kwa Kividunda, lugha ambayo mimi mtoto wa relini Kilosa sikuielewa. Nilimnyonyesha, nikala ugali nimesimama, nikapanda tena. Wewe ulipanga foleni za sukari na sabuni, ukawa mashuhuri mtaa mzima kwa kujua duka gani leo limeletewa nini. Ulimwita Mwajuma mke mwenzio. "Mke mwenzangu hana adabu, ameninyima usingizi." Hukuipenda Dar hata siku moja. Ulisema maji yake yana ladha ya bomba na watu wake wanatembea kama wanaofukuzwa. Lakini hukuniambia hata mara moja kwamba unataka kurudi. Ulirudi mtoto alipokwisha kuacha ziwa, ukaondoka naye, akiwa amelala begani kwako. Basi likatoka, mimi nikabaki nimesimama.

Halafu nikaanguka somo la hesabu. Hili tulilizungumza mimi na wewe tu. Sheria ilikuwa kwamba ukianguka somo moja unarudia mtihani mara moja. Ukianguka tena, jina linafutwa. Nilikuja Mikumi nimevimba macho, nikashika jembe ili niweze kuinama, nisionekane. Ukanifuata shambani.

"Masomo mangapi yamekushinda?"

"Moja."

"Mengine umefaulu?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa unalia nini? Lete jembe."

Ukaninyang'anya jembe kweli. Likizo ile yote sikulima, sikuchota maji, sikuguswa na mtu. Zamu yangu ya shamba la kijiji ulikwenda wewe. Wageni walipokuja uliwaambia mkamwana wako ana kazi ya serikali ndani, wapunguze sauti. Nami nilikuwa ndani kweli, nimekaa juu ya kitanda chako, natafuta hesabu iliyonipotea. Niliuona mtihani wa marudio kama mtu niliyewahi kukutana naye. Nikafaulu, nikarudi kazini hapa Kilosa, na mada yangu ya utafiti ikakubaliwa: mchanga unaoletwa na mto Mkondoa, na jinsi unavyojaza mkondo na kuleta mafuriko hapa mjini Kilosa.

Uliponitembelea kwa treni ukanikuta mtoni nimekunja gauni, nachota maji ya matope ndani ya chupa, ulishika kiuno. "Nimekulelea mtoto ili uje uchote maji machafu?" Nikakuonyesha jinsi ninavyoyaacha yatulie, ninavyoukausha mchanga na kuupima kwenye mizani. Ukachukua chupa moja, ukaiinua juani, ukakaa ukiyatazama matope yakishuka polepole. Ulipoondoka uliniambia tu, "Funga vizuri vifuniko."

Ule mwaka wa homa yako namshukuru Mungu kwamba nilikuwa Kilosa, sikuwa mbali. Walikuleta hospitali ya hapa, nami nikaacha chupa zangu nikawa nalala chini ya kitanda chako. Siku moja homa iliposhuka kidogo ukaniuliza nimebakiza nini.

"Kuandika, Mama, na kutetea."

"Mbele ya nani?"

"Walimu. Wanaume watupu."

Ukafumba macho, nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Wasikutishe. Waangalie usoni." Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yenye kichwa na miguu. Baada ya hapo ulikuwa ukimwita marehemu mumeo na kuagiza vitu vya shambani. Ulituacha mchana, Selemani akiwa bado njiani kutoka Lumuma.

Msibani ndipo nilipojua. Bi Mwantumu, jirani yako, alinieleza kwamba mwaka ule uliokuja nami Dar, tembo waliingia shambani kwako kutoka mbugani, hapakuwa na mtu wa kupiga debe kuwafukuza, wakala mahindi yote. Uliporudi uliuza mbuzi wako ili mle mpaka mavuno mengine. Mimi nilipouliza ulinijibu, "Mahindi ya mwaka huu hayakuwa mengi." Basi. Nilikaa juu ya mkeka nikilia upya, wanawake wakadhani ni kile kilio cha kwanza tu.

Sikuweza kuandika, Mama. Muda wangu wa usajili ukawa unakwisha, na kuongezewa kulikuwa na masharti yake: ugonjwa, uzazi, au msiba wa mzazi. Nikaenda kwa karani, siyo yule wa dirishani, mwingine kijana. Akasoma ombi langu. "Msiba wa mama. Mama mzazi?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuona kwamba nimesema uongo, na sijaona hadi leo.

Wakaniongezea muhula. Nikaandika. Siku ya kutetea walikaa mbele yangu na nakala za kitabu changu zimejaa vikaratasi, na mmoja, mkubwa wao, alinikazia maswali juu ya namna nilivyopima mchanga. Niliwaangalia usoni. Nikawaeleza mto wangu kuanzia juu mpaka chini. Walinitoa nje, wakaniita tena, wakanipa mkono. Kulikuwa na masahihisho ya kufanya, nikayafanya. Wiki iliyopita nilivaa joho. Selemani alipiga vigelegele mwenyewe, mwanaume mzima, akasema kama hakuna wa kuvipiga atavipiga yeye kwa niaba yako. Watu waligeuka wote.

Naendelea kuitumikia idara ya maji kama nilivyoahidi. Selemani amehamishiwa shule ya hapa mjini, na kwa mara ya kwanza tunaishi nyumba moja, sisi watatu. Nywele zake zimeanza kuwa na mvi pembeni. Amekuwa kama wewe, anaongea akiwa ameshageuka kuondoka.

Sasa nikueleze la Mwajuma, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua alivyokuwa akikuita. Ulijaribu kumfundisha aseme bibi, akakataa, akakuita mama, na mimi nilipokuja likizo akaniita Mama Dar. Tulicheka, mimi na wewe, ingawa usiku ule uliniletea chai chumbani bila kuombwa. Baada ya wewe kuondoka alikutafuta miezi. Alikuwa akifungua mlango wa jikoni, anachungulia, anaufunga. Mimi alinikubali polepole, kama mgeni anayezoeleka. Sasa ananiita mama bila neno la pili. Nilisubiri sana siku hiyo, na ilipofika nilidhani nitafurahi tu.

Juzi tulikuwa tunakula, akauliza, "Mama wa Mikumi atakuja lini?" Selemani akaweka kijiko chini, akaanza kumwambia, "Yule si mama, yule alikuwa bibi ya—" Nikamshika mkono. Akanielewa, akashika kijiko chake tena. Nikamwambia mtoto kwamba mama wa Mikumi amelala kwao, na Ijumaa tutakwenda kumsalimia. Akaridhika, akaendelea kula.

Ijumaa tutakuja, Mama. Nitafyeka majani kaburini kwako na nitakaa kidogo. Nakuahidi jambo moja. Akiwa mkubwa nitamweleza vizuri nani alimzaa na nani alimlea, na kwa nini. Lakini akikutaja kwa jina lile alilokupa mwenyewe, mtu yeyote asimsahihishe mbele yangu. Ulilipata kwa kazi.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Mtoto wetu hajambo.

Mkamwana wako,
Rehema