Sahihi ya Sheikh

Nizwa, 4 Machi 1998

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na magoti yamepoa. Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Kazi ya hiki chama cha wanawake haina mwisho.

Kuna wafadhili wa nje wanatoa ruzuku ya kuzuia watoto wasiumizwe majumbani, katika familia za makabila ya huku Uarabuni na katika zetu tuliorudi kutoka Afrika. Nimeuombea mji wenu wa Ibra chumba kimoja, na mwanamke wa kulipwa ambaye mtoto anaweza kumkimbilia, naye akazungumza na wazee wake. Nilipokuwa naandika nilimfikiria Tufool, jirani yako, anayekuja kushinda kwako baba yake akipandwa na hasira.

Wanataka barua ya sheikh wa mtaa wenu kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi hanijui. Wewe umekaa naye mtaa mmoja miaka ishirini na mbili. Tafadhali nenda.

Mwanao,
Fakhriya

Ibra, 16 Machi 1998

Mwanangu Fakhriya,

Marahaba. Magoti ni yale yale, nishayazoea. Wasalimie wote.

Nimekwenda, na nimeharibu. Nilikaribishwa vizuri, tende na kahawa. Nikanywa vikombe vitatu na kuisifu, maana kwetu Unguja kuacha kahawa ya mwenyeji ni kumvunjia heshima. Nilipofungua mdomo kusema shida yangu, sheikh akaniambia, "Karibu tena, ya ummi," kama mtu anayemuaga mama yake, akainuka.

Nje, mwanawe Hamed akanieleza. Mwenye haja hagusi kikombe mpaka ajibiwe. Ukishakunywa, umekuja kusalimia tu. Miaka yote hii sijawahi kuwa na haja kwa sheikh, basi ningejuaje?

Tufool alikuja Jumanne, mkono umevimba. Anasema kaanguka ngazini, na anavyosema ni kama mtoto anayesoma sura aliyohifadhishwa. Ana miaka tisa. Nimemkanda, lakini moyo wangu hautulii.

Shangazi yako,
Shukriya

Nizwa, 21 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika, na nashukuru kusikia u mzima.

Usijilaumu, hata mimi ningekunywa. Lakini rudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa wewe magoti hayakunjiki. Na huo mkono wa Tufool upelekwe hospitali, nakuomba.

Fomu inauliza chumba ni cha mtoto wa aina gani, nayo ina visanduku viwili: mtoto wa kabila, au mtoto wa wahamiaji. Baba yake Tufool ni wa kabila la hapo Ibra. Mama yake, Mungu amrehemu, alizaliwa Bujumbura. Nilitia alama vyote viwili. Mkubwa wangu akairudisha, akasema nichague. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima. Wakati mwingine naichukia kazi hii.

Mwanao,
Fakhriya

Ibra, 30 Machi 1998

Mwanangu Fakhriya,

Marahaba. Afya nzuri, alhamdulillahi. Mengine ndiyo haya.

Nilirudi kwa sheikh. Kikombe nilikiacha chini mpaka kikapoa. Akakitazama, akaniuliza haja yangu, nikasema bila kumtaja mtoto wala ukoo. Akatia sahihi. Barua anayo Hamed, anakuletea leo kwa gari yake.

Lakini kikombe kikiachwa, mtaa mzima hujua mtu ana haja, na haja yenyewe huulizwa mpaka ijulikane. Alasiri ile ile Ghanim, baba yake Tufool, alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Bi Shukriya, mwanangu haji tena kwako." Sikuwa nimemtaja, wallahi, ila mwenye kosa hujisikia kasemwa. Juzi kamhamishia mji wa Sur kwa dada yake, mwanamke ambaye mkono wake mwepesi wa kupiga kuliko wa kaka yake. Hospitali sikuwahi kumpeleka.

Peleka karatasi yako, mwanangu.

Shangazi yako,
Shukriya

Nizwa, 12 Februari 1999

Shangazi,

Shikamoo. Muda mrefu hatujaandikiana, na naona haya kwamba nakuandikia kwa ajili ya kazi. Badria, msaidizi wako tangu ukabidhiwe chumba, ananiambia u mzima na kinakwenda vizuri.

Wafadhili wanataka kisa cha mtoto mmoja aliyesaidiwa. Bila kisa, mwaka wa pili hawatupi. Nilifikiri tumwandike Tufool, tumbadilishe jina. Najua hayuko Ibra. Lakini ndiye niliyekuwa naye moyoni nilipoomba.

Mwanao,
Fakhriya

Ibra, 20 Februari 1999

Mwanangu Fakhriya,

Marahaba. Mimi mzima.

Chumba ni kizuri. Watoto sita wanakuja, na wawili wazee wao nimezungumza nao, wamelegea. Silikatai hilo. Tufool hajakikanyaga.

Turkiya, jirani yangu, alikwenda harusini Sur akamwona. Anasema mtoto hasalimii mtu, na ule mkono haunyooki.

Kisa chake kiandike hivi: alikuwa na mlango mmoja wa kukimbilia, nao ni wangu, nikamfungia nikitafuta sahihi ya kuwafungulia wengine. Jina usibadilishe la kwangu. Wakipenda watoe ruzuku yao, wasipopenda basi.

Kesho Hamed ananipeleka Sur. Sijui nitamwambia nini huyo dada yake Ghanim, lakini nitakaa barazani kwake mpaka nimwone mtoto. Badria nimemwachia ufunguo. Barua usilete hapa, sijui narudi lini.

Shangazi yako,
Shukriya