Mwanamke Aliyeketi Uwanjani

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila udongo umejaa mikononi hata kucha sizioni.

Uwanja wa hapa una sanamu za wanaume tu, wote juu ya farasi. Sasa jiji linataka sanamu ya wanawake waliobeba zege maghorofa haya yalipojengwa. Fundi mchongaji aliyenipokea nilipomaliza shule aliniambia nijaribu uso. Mikono ikafinyanga wako, yenyewe tu. Unaruhusu? Ukikataa nitauponda.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanung'unika kama kawaida yake. Nimecheka mpaka jirani akauliza kama nimepata mchumba. Uso huu? Si watu watakimbia! Haya, umeniwekaje?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, natumai umeamka salama. Umesimama wima, karai la zege kichwani, unatazama mbali. Kamati imekupenda. Mwezi ujao watamimina shaba. Ndotoni nakuona ukitembea polepole kati ya taa za barabarani, na hakuna anayeshangaa.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima. Lakini huyo mponde. Nilisimama hivyo hivyo mimba yako ikiwa kubwa. Msimamizi akikukuta umekaa, kibarua kimeota nyasi. Sitasimama tena juani milele. Wakiniketisha, sawa. Waambie wewe mwenyewe, ingawa najua darasani hata kunyoosha mkono uliogopa.

Mama yako

25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Nimewaambia. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Mwenyekiti akasema, "Binti, mchapakazi akikaa si ataonekana mvivu?"

Nikajibu, "Wale wa farasi wamekaa miaka yote, mzee, na hakuna aliyewaita wavivu."

Fundi akapaliwa na chai. Mwenyekiti akafunga kikao. Ama tumeshinda, ama nimefukuzwa.

Mwanao

30 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Jana nilikuja huko bila kukuambia. Nilitaka kumwona huyo wa shaba peke yangu. Manyunyu yalikuwa yamekatika, shaba inang'aa. Ameketi kwenye ngazi, miguu ameinyoosha, macho kayafumba kidogo. Wanawake wamejaa pande zote mbili, wengine wamevua viatu. Mmoja amemlalia bega, anakoroma.

Mwingine akaniona nimeduwaa. "Usisimame hivyo, mama, utachoka. Sogeeni jamani!"

Hakuna aliyenifananisha naye. Wakasogea, nikakaa.

Mama yako